Nani Alimuua Mke wa Bwana X?

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa na boksi la viatu chini ya meza yangu, na ndani yake dawa za watu. Sikuzinunua mimi. Zilikuwa mabaki. Mtu amepewa kapsuli kumi na tano, amemeza sita, homa imeshuka, zilizobaki analeta kwangu. Amoxi, Flagyl, septrini, doxy, sipro. Kila plaketi ilikuwa na mashimo yake matupu na kinini mbili tatu zilizobaki, kama mdomo wa mzee. Vijana wa kikundi chetu wengi wanakaa Namuwongo, ng'ambo ya mtaro wa Nakivubo, lakini tunakutana huku Bugolobi kwa sababu huku ndiko tulikopewa chumba. Wote walijua: ukishikwa na homa usiku na huna kitu mfukoni, nenda kwa Ticha, iko na boksi.

Nilijivunia lile boksi, niseme ukweli. Mtu aliyetoka Kivu kwa miguu hahitaji kufundishwa kugawana. Njiani mwenye unga alitoa unga, mwenye sufuria alitoa sufuria, na mwenye dawa ya mtoto aliigawa ili watoto wawili wapate. Hakuna aliyeita jambo hilo kosa. Bila hilo wengine tusingefika.

Kisha kipa wetu akaugua. Ana miaka kumi na sita, mrefu, mwenye kelele golini na kimya nyumbani. Homa, kichwa, tumbo. Kliniki ya karibu walimtoboa kidole, wakampima Widal, wakasema taifodi. Hapa Kampala kila mtu amewahi kuambiwa ana taifodi, kwa hiyo hatukushtuka. Pesa ya dawa haikuwepo. Nikafungua boksi nikampa sipro sita pamoja na panadol. Siku ya tatu homa ikashuka, akarudi uwanjani. Baada ya wiki ikarudi. Nikampa nyingine nne, za mtu mwingine, na zile za mwanzo za mtu mwingine tena. Alipofikishwa hospitali alikuwa amekwisha kupoteza karibu wiki tatu na utumbo umetoboka. Akapasuliwa. Walipootesha damu yake maabara wakaona ni taifodi kweli, na kwamba sipro haimfanyi kitu yule bakteria. Wakamhamishia kwenye sindano.

Yuko hai. Ana kovu kutoka kitovuni kwenda juu, na kudaka bado hajarudi. Siku moja mama yake akaja chumbani kwetu, akakaa, akakataa chai, akasema: "Ticha, mi sikulaumu. Lakini uniambie tu. Ile kinini ilimusaidia ao ilimuharibu?"

Sikumjibu siku ile. Nilisema maneno mengi ya kuzunguka. Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuuliza watu, na hili ninaloandika ni mwendo wa lile swali, mpaka pale lilipofika.

Desemba 1945 Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini mwaka 1928, alisimama Stockholm kutoa hotuba yake ya Tuzo ya Nobel. Karibu na mwisho wake alitunga hadithi fupi. Kuna Bwana X, anaumwa koo. Ananunua penisilini mwenyewe, anameza kidogo, kiasi kisichotosha kuwaua bakteria ila kinatosha kuwafundisha kuistahimili. Kisha anamwambukiza mke wake. Mke anapata homa ya mapafu, anapewa penisilini, haifanyi kazi kwa sababu bakteria wamekwisha kusoma somo lao nyumbani kwa mumewe. Mke anakufa. Fleming akauliza ni nani mwenye lawama ya kifo kile, na akajibu mwenyewe bila kusita: Bwana X, kwa uzembe wake.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliona sura yangu. Bwana X ni mimi, na hata nimemzidi, maana yeye alimeza dawa yake na mimi niligawa za watu kumi.

Lakini ukiisoma mara ya pili inaanza kuleta maswali. Bwana X wa Fleming ana nyumba, mke, na duka lenye penisilini ya kutosha. Alichokosa ni akili tu. Hakuna anayeuliza kama alikuwa na pesa ya dozi nzima. Mama wa Namuwongo anayesimama kwenye duka la dawa na shilingi elfu mbili haonekani kwangu kama mzembe. Amepiga hesabu kali kuliko ya mhasibu: kinini nne leo, au unga leo. Muuzaji naye anakata plaketi kwa mkasi bila kuuliza karatasi ya daktari, ingawa sheria ya Uganda inasema antibayotiki haziuzwi bila karatasi. Anajua akikataa, mama atavuka barabara na kununua kwa jirani. Sasa hapo Bwana X ni nani?

Tena kuna hili la "maliza dozi". Tumekuwa tukiwaimbia watoto kama amri ya Mungu. Mwaka 2017 kundi la madaktari wa Uingereza waliandika katika jarida la BMJ kwamba kwa magonjwa mengi amri hiyo haikuwahi kuthibitishwa vizuri, na kwamba kumeza dawa siku nyingi kuliko inavyohitajika kunaweza kuongeza usugu, kwa sababu bakteria wengine wasio na kosa, wanaokaa tumboni na kwenye ngozi, nao wanafundishwa. Wasinielewe vibaya wanaotafuta ruhusa. Kifua kikuu ukikiacha katikati kinakuja na hasira, hilo linajulikana, na taifodi si ya kuchezea. Ninachosema ni kwamba hata wakubwa bado wanapima ni siku ngapi zinatosha, halafu sisi tunamwekea mama mmoja mzigo wote wa lawama kwa kinini zake nne.

Na hadithi ya Fleming ina nyumba iliyofungwa milango. Mume, mke, basi. Nyumba yetu ina mtaro.

Anayeijua Bugolobi anajua pande zake mbili. Juu kuna maghorofa, maduka yenye kiyoyozi, watu wanaokimbia asubuhi na viatu vya bei. Chini kuna mitambo ya maji taka, ile ya zamani ya miaka ya 1940 na ile mpya kubwa yenye uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku. Pembeni mtaro wa Nakivubo unashuka kutoka mjini, unapita viwandani, unapita ubavuni mwa Namuwongo, unaingia kwenye kinamasi, halafu ziwani kwenye ghuba ya Murchison. Kutoka ghuba hiyohiyo, pale Ggaba, mji unachota maji yake ya bomba, ambayo kwa bahati yanasafishwa kabla. Watu wengi wa Kampala hawajaunganishwa na bomba la maji taka. Choo ni shimo, mvua ikija shimo linafurika, na kilichokuwa ndani kinaenda Nakivubo.

Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa Makerere, walichapisha kazi waliyofanya hapahapa: walichota maji kwenye mitambo ya Bugolobi na kwenye mtaro, wakaotesha, wakapata bakteria wa Salmonela, wengine wao sugu kwa dawa zaidi ya moja. Mwaka mmoja kabla, kuanzia Januari hadi Juni 2015, Kampala ilikuwa na mlipuko wa taifodi uliohesabu zaidi ya watu 10,000 walioshukiwa kuugua. Chanzo kilitafutwa, kikaonekana ni maji machafu na vinywaji vya barabarani vilivyotengenezwa kwa maji hayo, juisi ya matunda na munaanansi. Kipa wetu anapenda sana munaanansi.

Ndani ya mtaro ule hakuna mume wala mke. Bakteria wanagawana. Hili lilinishangaza kuliko yote: bakteria aliyekwisha kupata ujanja wa kushinda dawa anaweza kumpa mwenzake kipande cha ujanja huo, kama kikaratasi, hata kama mwenzake si wa ukoo wake. Wanafanya na usugu kile ambacho mimi nilifanya na kinini. Na wako wengi zaidi yetu, na hawalali.

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi. Julai 1994 watu kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu wakaingia Goma. Wazee wengi wanaosoma jarida hili wanakumbuka, wengine walikuwepo, upande huu au ule. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu, kisha kwa kuhara damu. Wale bakteria wa kipindupindu walikuwa tayari sugu kwa tetrasaiklini na doxy. Wa kuhara damu walikuwa sugu kwa karibu kila dawa ya bei nafuu iliyokuwepo. Kwa hiyo niulize kwa mtindo wa Fleming: nani alimeza nusu dozi? Yule mama aliyekufa pale kando ya ziwa Kivu, kwenye mawe ya volkano ambapo hata kuchimba kaburi haikuwezekana, alikutana na bakteria waliosomeshwa miaka mingi kabla, katika matumbo ya watu ambao hakuwahi kuwaona. Ukimtafuta Bwana X wake utatembea mpaka uchoke.

Basi nilifurahi. Nikasema, kumbe kosa ni la wote, kwa hiyo si la mtu. Nilikaa na wazo hilo kama wiki mbili, nikalala vizuri. Kisha likaanza kuninukia.

Sababu ni hii. Mama wa kinini nne ana umaskini wa kumtetea. Mimi nilikuwa na nini? Siku ile ya kipa sikukosa pesa ya kumpeleka kituo cha afya cha serikali, ambako hata mkimbizi anahudumiwa bila kulipa kama raia. Kuna foleni, ndiyo. Mara nyingine dawa zimeisha, ndiyo. Lakini mlango uko wazi. Sikumpeleka kwa sababu nilikuwa na boksi, na boksi lilinifanya mtu wa maana. Umaskini uko kweli, na Nakivubo uko kweli, lakini nikijificha nyuma yao ninatumia mateso ya watu wengine kama pazia langu. Lawama ikigawanywa kwa watu wengi inakuwa nyepesi kwa kila mmoja, sawa. Haifiki sifuri.

Hapo nikaona kwamba swali la Fleming lenyewe lina kasoro, siyo jibu lake tu. Yeye aliuliza nani alaumiwe baada ya mke kufa. Mimi nilihitaji kuuliza: kabla hajafa, kuna njia gani nyingine ya kupigana?

Na zipo, au zinatafutwa. Jumamosi moja niliwasomea vijana niliyokuwa nimeyapata, tukabishana mpaka askari wa geti akaja kuuliza kuna nini.

Antibayotiki ya kawaida inafanya kazi moja: kuua, au kuzuia bakteria wasizae. Ukimwaga dawa kwa bakteria milioni na wawili kati yao wana ujanja, unawaondolea hao wawili washindani wote. Kesho nyumba nzima ni ya watoto wao. Hiyo si njama, ni hesabu. Sasa kuna watafiti wanaosema: tusiwaue. Tuwanyang'anye ukali. Bakteria wengi wana vifaa maalumu vya kuumiza, ambavyo hawavihitaji kwa kuishi kila siku. Salmonela ana kitu kama sindano ndogo sana, anachoma chembe ya mwili wako na kuingiza protini zake ili afunguliwe mlango. Watafiti wanatafuta kemikali za kuziba sindano hiyo. Wengine wanaangalia mazungumzo ya bakteria: kuna aina ambazo mmoja peke yake hafanyi kitu, anatoa kemikali kama mluzi, na mluzi ukiwa mwingi wanajua sasa tumekuwa wengi, tushambulie. (Kijana mmoja alisema ndivyo wanavyofanya wezi wa simu pale relini.) Wazo ni kuharibu ule mluzi ili kila mmoja adhani yuko peke yake.

Wazo hili si geni kabisa. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyepewa kinga inaweza kuzima sumu ya pepopunda na ya dondakoo. Ile tiba haiui bakteria hata mmoja. Inazuia sumu yake tu. Behring alipata Nobel ya kwanza kabisa ya tiba, mwaka 1901, miaka mingi kabla ya penisilini. Halafu antibayotiki zikaja, rahisi na za haraka, na njia ile ikasukumwa pembeni.

Faida yake mnaiona. Bakteria ambaye hujamtishia maisha hana sababu kubwa ya kujifunza kukupinga. Anaishi, wewe pia unaishi, mwili wako unapata nafasi ya kumtoa polepole.

Hapo ndipo kelele zilianza. Msichana mmoja kutoka Rutshuru, ambaye huwa hasemi, alisema: "Ticha, kwetu walikusanyaga silaha. Wakapiga picha. Baada ya miezi tatu batu barudi musituni na bunduki mpya." Kila mtu alicheka, cheko lile la kwetu lisilo na furaha. Mwingine akamjibu kwamba kuua nako kumejaribiwa miaka thelathini, kila kundi likipigwa yanatoka mawili. Nikawaambia wasiwafananishe, bakteria hana nia, hachukii mtu, hatafuti madini. Lakini nakubali kwamba hoja ya msichana ilikuwa sahihi hata maabara. Wanasayansi wenyewe wanasema kunyang'anya silaha si uhakika: bakteria wengine wanaweza kupata njia ya kuzunguka, na mgonjwa ambaye damu yake imekwisha kujaa bakteria hana muda wa kungoja mwili ujitoe. Kipa wetu siku ile alihitaji kitu cha kuua, na haraka.

Halafu kuna jambo la silaha ya kuazima, ambalo liliwanyamazisha. Bakteria wa kipindupindu kwa asili ni mkaazi wa maji tu. Sumu yake, ile inayomkausha mtu kwa saa chache, haikuwa yake. Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha mwaka 1996 kwamba aliletewa na virusi, virusi vidogo vinavyoingia ndani ya bakteria na kumwachia maelekezo ya kutengeneza sumu. Bakteria yuleyule asiye na maelekezo hayo hawezi kuleta kile kipindupindu tunachokijua. Nikasema hivyo, msichana wa Rutshuru akaniangalia tu.

Virusi wengine wa bakteria wanaweza kuwa upande wetu. Félix d'Hérelle aliwaeleza mwaka 1917, akawaita wala-bakteria, na mjini Tbilisi kule Georgia kuna taasisi ya tangu 1923 ambayo haikuacha kuwatumia kutibu, hata wakati dunia nyingine iliwasahau. Siku hizi wanarudi. Chuo Kikuu cha Yale walipata virusi mmoja anayemshika bakteria kwa kupitia pampu ileile ambayo bakteria anaitumia kutema dawa nje. Bakteria akitaka kumkwepa virusi, lazima aache pampu. Akiacha pampu, dawa ya zamani inamkamata tena. Hapo vijana walipiga makofi kabisa, kama goli limeingia.

Lakini mimi kilichonikaa moyoni zaidi ni kitu cha bei ya chini. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bangaon, mpakani India, na kipindupindu kikaingia. Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya kutundika. Akachanganya chumvi na sukari kwenye maji safi, akawaambia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa kikombe. Vifo vilikuwa karibu 30 katika kila mia. Kwa waliokunywa vilishuka mpaka chini ya 4. Mchanganyiko ule hauui bakteria, wala haumnyang'anyi silaha. Unamweka mtu hai mpaka sumu iishe nguvu. Na waliofanya kazi ile walikuwa wakimbizi wenyewe, mama kwa mtoto, mume kwa mke. Kwa hiyo kugawana hakukuwa kosa. Walikuwa na kitu sahihi cha kugawana.

Chanjo nayo iko kwenye mlango huohuo. Ile mpya ya taifodi, ya aina ya konjugeti, ilijaribiwa kwa watoto wa Blantyre, Malawi, na matokeo ya 2021 yalionyesha inazuia karibu wagonjwa 80 kwa mia. Pakistan waliiweka katika chanjo za kawaida mwaka 2019, baada ya taifodi yao kuwa sugu kwa karibu kila kitu. Mtoto asiyeugua hahitaji boksi la mtu.

Kuhusu zile dawa mpya za maabara, sina matumaini ya haraka, nisiwadanganye. Kampuni ya Kimarekani inayoitwa Achaogen ilipata kibali cha antibayotiki mpya mwaka 2018 na mwaka uliofuata ikafilisika, kwa sababu dawa inayotakiwa kutumiwa kidogo haileti faida. Dawa moja ya kuzima sumu ya bakteria wa utumbo, bezlotoxumab, ilikubaliwa Marekani mwaka 2016, na mwanzoni mwa 2025 kampuni ikaacha kuiuza. Hazikufika Nakawa, sembuse Namuwongo. Na kila tunapoambiwa duniani watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 moja kwa moja kwa usugu, na kwamba Afrika kusini mwa Sahara ndiko kiwango cha vifo kilikuwa kikubwa kuliko kote, inafaa kukumbuka hesabu nyingine: ripoti ya 2019 ilikadiria watu milioni 5.7 kwa mwaka wanakufa kwa magonjwa ambayo antibayotiki ingetibu, kwa kuwa hawaipati. Anayetuambia tumeze kidogo na anayetuambia tumeze zaidi, wote wawili wanasema kweli, na wote wanasema wakiwa mbali na duka lenye mkasi.

Baada ya hayo yote nilienda kwa mama wa kipa. Nilikuwa nimechelewa miezi mitano. Daktari mmoja niliyemuuliza alikuwa ameniambia kwamba pengine kijana aliambukizwa bakteria ambaye tayari ni sugu, kwamba dawa yangu huenda haikumfundisha chochote, na kwamba ile homa iliyoshuka ilishushwa na panadol. Ningeweza kumpelekea mama maneno hayo na akaridhika. Ni ya kweli. Nilimwambia, lakini nikaongeza lililobaki: "Mama, sijui kama ilimuharibu. Ninajua ilimuchelewesha. Wiki tatu ni zangu."

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Hata mi nilimupa ile ya mwanzo na mukono yangu." Kisha akauliza boksi liko wapi.

Lilikuwa bado chini ya meza. Nilikuwa nimeacha kugawa, lakini kutupa nilishindwa. Ukitupa chooni inaenda Nakivubo, na hao bakteria wa mtaroni wanasoma bure. Ukichoma, harufu, na majirani. Nilizunguka maduka ya dawa manne ya Bugolobi. Matatu walinicheka, la nne mfamasia mmoja wa kike alichukua, akazihesabu mbele yangu, akasema atazipeleka pamoja na zake zilizoisha muda. Zilikuwa kinini na kapsuli 213. Aliniandikia namba hiyo kwenye karatasi bila mimi kuomba.

Sasa ndani ya boksi kuna kipimajoto, pakiti za ORS, sabuni, daftari la kuandika homa ya nani imeanza lini, na bahasha ya nauli ambayo kila Jumamosi tunaweka mia tano mia tano. Vijana hawalipendi kama la kwanza. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba zamani ukija unapona, sasa ukija unaandikwa.

Wiki iliyopita, saa nne usiku, mama yuleyule alipiga simu. Mtoto wake mdogo, yule wa miaka saba. Nilivuka na boksi. Kipimajoto kilisema 39.4. Mama aliangalia ndani ya boksi, akaangalia mimi, na najua alichokuwa anatafuta kwa sababu mkono wangu nao ulikuwa unakitafuta. Tukatoa bahasha. Bodaboda alitaka elfu saba mpaka kituo cha afya, tukampa tano, mama akapanda na mtoto katikati, na mimi nikabaki barabarani nikiwa nimeshika boksi.